Mwandiko Mzuri wa Darasa la Sita

Darasa la sita lilikuwa na wanafunzi tisini na watatu, na ndilo lililokuwa tulivu kuliko madarasa yote ya shule ile. Mgeni akipita kibarazani angedhani humo ndani hamna mtu. Akichungulia kwenye dirisha, ambalo kioo chake kiling'oka zamani na hakuna aliyekumbuka kukirudisha, angeona vichwa vimeinama juu ya madaftari, watoto wanne wanne kwenye dawati la wawili. Mbele yao, juu ya debe tupu la rangi lililogeuzwa kifudifudi, alisimama msichana mwembamba wa miaka kumi na miwili, kitabu mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia, anaandika ubaoni. Mwandiko wake ulikuwa wa kuringia. Herufi zilisimama wima, mstari haukupanda wala kushuka, na nukta alizitia kwa heshima zake zote. Wenzake walimpa jina la Kalamu, na jina likamganda mpaka nyumbani, hata mama yake naye akawa Mama Kalamu.

Na mwalimu yuko wapi? Mwalimu, ambaye ndiye baba yake Kalamu, alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapima misumari.

Tusianze kumrushia mawe, tutakuwa na muda wa kutosha. Mshahara wa Mwalimu ulikuwa mgeni wa kupita: unaingia benki, unasalimia, unaaga. Ukishalipa kodi ya vyumba viwili na dawa za presha za mama yake mzazi, mwezi unabaki na siku ishirini na mbili nzima zinakutumbulia macho. Wenzake nao kila mmoja alikuwa na lake. Wa hesabu alifuga kuku wa mayai, na maandalio yake ya somo yalinuka banda. Wa darasa la pili aliuza mitumba ofisini, ukiingia kuchukua chaki unajaribishwa sketi. Mwalimu Mkuu mwenyewe, mama wa watu mwenye sauti ya upole, alikuwa na saluni, na ikifika saa nne hapatikani. Wote walijuana na wote walinyamaziana. Walikuwa si watu wabaya. Walikuwa watu waliochoka kuona aibu mbele ya muuza maziwa.

Basi Mwalimu alijitengenezea utaratibu. Asubuhi anaita majina, anafungua kitabu ukurasa wa siku hiyo, anaweka kidole juu kabisa, anakishusha mpaka chini kabisa, anamwambia binti yake, "Kuanzia hapa mpaka hapa. Nakuja sasa hivi." Hiyo sasa hivi ilichukua saa tatu nzima. Ijumaa madaftari yote yalitiwa kwenye mfuko wa saruji, yakavushwa barabara, na Mwalimu akayasahihisha katikati ya wateja: tiki nyekundu, neno "Vizuri", sahihi. Tiki, "Vizuri", sahihi. Daftari moja halikuchukua muda wa mtu kupiga chafya, na akipata nafasi hayo yote tisini na matatu aliyamaliza kabla chai haijapoa.

Mwenye duka alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, wa miaka ile ambayo Mwalimu alikuwa kijana na hajui kuchoka. Watu walimwita Tajiri, naye hakukataa. Alimheshimu Mwalimu kupita kiasi, na heshima hiyo ndiyo iliyochoma, maana ilikuja pamoja na amri kwa pumzi moja.

"Shikamoo Mwalimu. Hebu mpimie huyu mama misumari ya bati kilo mbili."

"Marahaba," anasema Mwalimu, na mkono uko kwenye mizani.

Mwaka huo shule iliteremshiwa vitabu vipya vya sayansi. Kwa darasa la sita kilikuja kimoja. Kilikuwa kizuri, chenye picha za rangi na karatasi za kuteleza, na kurasa zake zilipangwa kwa safu mbili kama za gazeti. Vitabu vya zamani vilikuwa na safu moja, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mwalimu hakuwaza lolote kuhusu jambo hilo. Alifungua, akaweka kidole, akasema kuanzia hapa mpaka hapa, akavuka barabara.

Wiki tatu zikapita.

Siku moja kabla ya adhuhuri, fundi ujenzi mmoja mcheshi alifika dukani akitaka misumari ya inchi tatu, nusu kilo. Tajiri alikuwa hanunui mifuko ya kufungia vitu vidogo. Alinunua karatasi kuukuu kwa kupima, magazeti na madaftari yaliyokwisha kazi, zikatobolewa na kutungwa kwenye waya ukutani. Mwalimu akachana ukurasa, akautandaza ili amwagie misumari, na macho yake yakaangukia maandishi. Akasoma. Akarudia. Akacheka kwa sauti.

"Fundi, njoo usikie maajabu. 'Chakula kikitafunwa hulainishwa na mgonjwa wa kipindupindu huharisha mate, kisha humezwa na kushuka hadi mfululizo. Apewe maji yenye chumvi na tumboni, ambako husagwa zaidi apelekwe hospitali upesi.'"

Fundi alicheka mpaka akashika kaunta. "Kapelekwa nani hospitali, chakula au mgonjwa?"

"Wote wawili!"

"Hebu nione." Fundi akachukua karatasi, akaigeuza kwenye mwanga. "Mh! Na mwalimu kapiga tiki! Kaandika 'Vizuri'. Mwalimu wa namna hiyo si afadhali angepewa mbuzi achunge? Mbuzi wangemlalamikia."

Mwalimu alikuwa bado anacheka alipoirudisha karatasi mkononi na kuiona sahihi iliyokuwa chini ya ile "Vizuri". Ilikuwa na mkia mrefu unaojikunja mara mbili, sahihi aliyoibuni mwenyewe chuoni alipokuwa na umri wa miaka ishirini na anajiona mtu wa maana. Alichana karatasi nyingine, akafunga misumari ya fundi, akapokea pesa, akarudisha chenji sawasawa bila kukosea. Kisha akatafuta jalada la lile daftari kwenye waya. Jina lilikuwa la mtoto wa dawati la nyuma aliyekwisha kuacha shule. Hakukumbuka mara ya mwisho kumwona. Kwenye rejista yule mtoto alikuwa anahudhuria kila siku.

Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Darasa lilikuwa kimya kama kawaida yake. Akachukua daftari la kwanza mlangoni, akafunua. Chakula kikitafunwa hulainishwa na mgonjwa. La pili, mgonjwa. La tatu, la kumi. Watoto walimwangalia wakidhani amefurahi, kwa sababu alikuwa anakazana sana kufunua. Ndipo akainua macho ubaoni. Kalamu alikuwa juu ya debe lake, anaandika somo la udongo, na somo la udongo lilikuwa linapita moja kwa moja, kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia, likichanganyika na minyoo na mbolea na mafuriko. Katikati ya mstari wa tano aliandika, kwa mwandiko uleule wa kuringia, "tazama mchoro uk. 47".

Watoto tisini na wawili walikuwa wanaandika upuuzi kwa wiki tatu, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

Shule ilipotoka, alimwambia Kalamu abaki. Wakakaa dawati moja, baba na binti, magoti ya baba yakigonga mbao. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Mwalimu akafungua kitabu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, maana moyoni alikuwa bado anaomba iwe haraka tu, iwe uzembe wa kitoto wa kutotazama vizuri.

"Nisomee hapa, mama."

Kalamu akashika kitabu kwa mikono miwili na kuanza bila kukwama. "Sura ya tatu. Mmeng'enyo wa chakula. Mmeng'enyo ni kitendo cha kuvunjavunja chakula ili kiweze kutumika mwilini."

Mwalimu akashusha pumzi. Kisha akaona kwamba macho ya mtoto hayatembei. Akaona pia kwamba ukurasa uliofunguliwa ni wa somo la hewa, na kwamba maneno yale ni yake mwenyewe, aliyoyasema darasani siku ya kwanza ya sura hiyo, kabla hajaondoka.

Akafunua mbele, kwenye picha ya mkulima na tuta. "Na hapa?"

"Hapa... udongo."

"Soma maneno, siyo picha."

Kalamu akairudia picha kwa macho. Mwalimu akainuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAMA ANAPIKA. Mtoto alikunja uso, midomo ikicheza. "Ma... ma. Mama." Akatabasamu kidogo. Kisha akalitazama neno la pili kwa muda mrefu. "Mama analala?"

"Tangu lini?" aliuliza Mwalimu.

"Tangu lini nini, baba?"

"Tangu lini hujui kusoma?"

"Sijawahi kujua."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Alikuwa anafuta chaki kwenye sketi yake. Alisema yaliyofuata bila lawama yoyote, kama mtu anayeulizwa saa na kujibu. "Ulinifundisha herufi nilipokuwa mdogo. Ukasema nikiweza kuziandika zote vizuri, kusoma tutaanza kesho yake. Nikaziandika. Kesho yake ukaanza kwenda dukani."

Mwalimu alikaa. Alikumbuka, ndilo baya zaidi. Alikumbuka meza, alikumbuka taa, alikumbuka alivyombeba mtoto juu juu kwa furaha kwa sababu ya ile herufi ya "g" ilivyopendeza. Miaka saba ilikuwa imepita, na ile kesho yake haijafika. Darasa la kwanza watoto walikuwa mia na arobaini, na mwalimu wao aliacha kazi katikati ya mwaka. Mitihani ilikuwa ya kuzungushia herufi, ukibahatisha unapita. Walimu waliofuata walifunua daftari la Kalamu, wakaona ule mwandiko, wakajua huyu mtoto wa mwalimu mwenzetu hana shida, wakaenda kwa mwingine. Hata huyo mwingine hawakumfikia. Mwalimu alifunika uso kwa viganja akalia, na Kalamu, ambaye hakuwahi kumwona akilia, akaomba msamaha.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu na ile karatasi ya misumari, akamweleza na habari za Kalamu. Mama wa watu aliisoma, akaikunja, akainuka kufunga mlango.

"Ni huyo wako tu?"

"Sijui. Nataka kuwapima wote."

"Usiwapime."

"Mwalimu Mkuu, ni darasa la sita. Mwakani wanakaa mtihani wa taifa."

"Nisikilize, ndugu yangu." Alikuwa anaongea taratibu, macho kwenye kombe la zamani la mpira wa pete. "Ukiwapima utaniletea idadi. Ukiniletea idadi lazima niiandike. Nikiiandika, wataniuliza nilikuwa wapi. Nami nilikuwa saluni kwangu, nawasuka watu, kwa sababu nina watoto wawili chuoni. Walimu watano niliowaomba mwaka juzi sijaletewa hata nusu mtu. Wakikufukuza wewe, darasa lako nampa nani? Mlinzi?"

Lakini kuna siku mtu anakataa tu, hata akiwa hana hoja. Alimtumia Tajiri ujumbe kwamba anaumwa, akawapima watoto wote, mmoja mmoja, kibarazani. Waliosoma ukurasa mzima walikuwa ishirini na mmoja. Thelathini na kitu walijikongoja kwa silabi. Waliobaki walikuwa kama Kalamu, ila wao hata mwandiko hawakuwa nao.

Akaanza mwanzo. Ba be bi bo bu, darasa la sita. Wavulana waliokwisha kuota ndevu walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hawakucheka, kwa sababu walianza kuona maneno yanafunguka mbele ya macho yao. Aliwagawa makundi, wanaojua wakawafundisha wasiojua, akazunguka kutoka kundi hadi kundi mpaka shati likamshika mgongoni. Kwa mara ya kwanza darasa la sita lilikuwa na kelele, hata yule wa mitumba akagonga ukuta kulalamika. Lazima isemwe kwamba kwa siku nane Mwalimu alikuwa na furaha. Sauti ilimkauka, miguu ilimvimba, na alikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ya mtu aliyeokota kitu chake cha zamani akakikuta bado kizima.

Siku ya nane Kalamu alichutama mbele ya debe alilokuwa analisimamia, akaweka kidole kwenye maandishi yaliyochubuka ubavuni. "Ra-ngi. Rangi. Ya. Ma-fu-ta. Rangi ya mafuta!" Akaruka. "Baba, mimi nilikuwa nasimama juu ya rangi ya mafuta!" Darasa zima likapiga makofi.

Mwisho wa mwezi mshahara haukuingia. Wakubwa walisema kuna uhakiki wa watumishi, walimu wawe na subira. Subira ni nzuri ukiwa umeshiba. Dawa za mama yake mzazi zilikuwa zimebaki vidonge vinne, na mwenye nyumba alikuwa ameshapita mara mbili, mara ya pili bila kusalimia. Dukani Mwalimu alilipwa kwa siku, na kwa siku nane hakulipwa kitu.

Alasiri moja alimkuta mke wake amekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba, mikono mapajani. Mama Kalamu alikuwa mwanamke wa maneno mengi na vicheko vingi. Siku hiyo hakuwa na hata kimoja.

"Baba Kalamu, jikoni hakuna kitu. Nimeshakopa kwa jirani wa kulia na wa kushoto, labda niende kwa wa juu."

"Mshahara utatoka."

"Utatoka." Akajisogeza juu ya ndoo. "Mimi shule niliishia njiani, unajua. Nilikuwa nayatoa madaftari ya huyu mtoto nawaonyesha majirani. Mtoto wangu! Nawaambia tazameni, hapo hamjaona, huyu atakuja kuwa mtu. Kumbe wote sisi vipofu, mimi na yeye." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Mfundishe asome. Sijali unafanyaje. Wale wengine wana baba zao."

"Baba zao hawajui kama watoto hawasomi."

"Basi wana bahati," alisema Mama Kalamu.

Siku iliyofuata Tajiri alikuja mwenyewe shuleni na mfuko wa machungwa, kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta mgonjwa amesimama katikati ya darasa, mikono imejaa chaki mpaka kwenye viwiko, anaimbisha silabi. Tajiri hakukasirika. Aliingia polepole, akajibana kwenye dawati la nyuma na tumbo lake, akakaa mpaka kipindi kikaisha. Watoto walipotoka mapumziko alikuwa na macho mekundu.

"Nilikuwa nakaa hapa hapa," alisema. "Wewe ulikuwa hukai chini, Mwalimu. Siku ile ulitupasulia moyo wa mbuzi mezani, ukatuonyesha damu inapopita. Mpaka leo nikipandwa na presha naukumbuka ule moyo. Kila nilichonacho kimeanzia chumba hiki."

"Basi walete wanao wasome hapa."

Tajiri akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu. Siwezi."

Kisha Tajiri akamega chungwa, akampa nusu, akaeleza alichokijia. Anafungua duka la pili mjini. Hili la hapa anataka kumwachia mtu mwaminifu anayejua hesabu, siku nzima, siyo kwa kuibia ibia. Na huyo binti, ambaye amesikia habari zake kwa uchungu, atampeleka kule wanakosoma wanawe, shule ya kulipia, ada yote juu yake mpaka amalize.

"Nakurudishia ulichonipa," alisema, na alimaanisha kwa roho yake yote.

"Na hawa?" Mwalimu aliuliza, akionyesha madawati.

"Asubuhi unapita kusaini, unawaita majina. Si ndivyo mlivyokuwa mnafanya siku zote?"

Mtu angependa kusema hapa kwamba Mwalimu alisimama akakataa, akatupa chungwa la watu. Hakutupa. Aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya kwanza alifundisha silabi za "nya" na "ng'a" na kila alipogeuka kutoka ubaoni aliona macho ya watoto tisini yanamsubiri. Siku ya pili mama yake mzazi alimeza kidonge cha mwisho. Jioni hiyo alivuka barabara, akaingia dukani, akasema, "Haya," na Tajiri akamkumbatia.

Shule ya kulipia ilikuwa na geti la bluu na majani yaliyokatwa sawasawa. Walimpima Kalamu kwa muda wa nusu saa. Mwalimu wa kike, kijana, aliyevaa saa nzuri ya mkononi, akatoka na kusema kwa adabu kwamba binti ana bidii, mwandiko wake hawajawahi kuuona kwa mtoto, ila itabidi aanzie darasa la pili. Kalamu akasema sawa. Kupitia mlango uliokuwa wazi waliona viti vidogo vya rangi rangi, watoto ishirini na wanne, na mwalimu msaidizi amepiga magoti kando ya mmoja wao, anamsikiliza akisoma kwa kidole. Mwalimu alisahau kufunga mdomo. Alikuwa hajawahi kuona mtu akipiga magoti kwa ajili ya mtoto mmoja, na aliona wivu, kisha aibu, kisha akaona saa yake. Dukani kulikuwa na lori la saruji linasubiri kupokelewa.

Kalamu alikuwa mrefu kuliko mlango wa kabati la mabegi. Alisimama pale na sare mpya, anachezea kifungo.

"Baba, kule nani atawafundisha sasa?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

Mtoto alimtazama. Alikuwa mtoto aliyelelewa na adabu zake, hakubisha. Alifikiri kidogo, akipima maneno, kisha akasogea karibu ili yule mwalimu wa saa nzuri asisikie.

"Huyo utakayempa kitabu awaandikie ubaoni, mwambie ateremke upande mmoja mpaka chini kabisa, ndiyo aanze ule wa pili. Mimi nilikuwa sijui, baba. Mimi ndiye niliyewakosesha wenzangu."

Kengele ikalia. Watoto wadogo wa darasa la pili wakaanza kupanga mstari, na Kalamu akaenda kusimama nyuma yao.

"Nitamwambia," alisema Mwalimu.